Yai Kuelea Si Kuoza

Karibu kila jiko la Waswahili lina hukumu hii: tia yai kwenye maji, likizama ni zima, likielea ni bovu, tupa. Mama humfundisha binti, picha za bilauri zilizopangwa mstari huzunguka kwenye makundi ya simu, na mwenye duka akilalamikiwa huchota maji kwenye ndoo kuthibitisha mbele ya mteja kwamba mayai yake ni salama. Hakuna anayeihoji. Mimi naihoji, tena pande zote mbili. Mayai mengi yanayoelea yanalika bila shida, na mayai yanayowaharisha watu mpaka wakatundikiwa dripu huzama vizuri hadi chini ya beseni.

Tulitazame yai lenyewe. Linapotoka kwa kuku lina joto la mwili wake, nyuzi kama 41. Likipoa, vilivyomo ndani hunywea kidogo, hewa ikavutwa kupitia vitundu vya ganda, na kwenye ncha butu, katikati ya ngozi mbili nyembamba zilizo chini ya ganda, hutokea kijumba cha hewa. Vitundu hivyo ni maelfu, kwa kawaida baina ya 7,000 na 17,000 kwa yai moja, na jicho haliwezi kuviona. Tangu saa hiyo yai huanza kupoteza: maji hutoka kidogo kidogo yakiwa mvuke, kama mtungi wa udongo unavyofanya, na hewa ya kabonidayoksaidi iliyomo kwenye ute nayo hutoka. Kinachopotea nafasi yake huchukuliwa na hewa ya nje, na kijumba kinapanuka.

Sasa hesabu. Yai la gramu 60 lina ujazo wa mililita kama 55, kwa hiyo ni zito kuliko maji ya ujazo huohuo kwa gramu 5. Likipoteza gramu hizo 5 za mvuke litakuwa sawa na maji. Likipoteza zaidi, litaelea. Hapo ndipo mwisho wa siri ya beseni. Maji yanapima kiasi gani cha unyevu kimetoka kwenye ganda, na hayapimi kitu kingine.

Wapo wanaosema kwamba yai bovu linainuliwa na gesi ya uozo. Maelezo hayo yameandikwa mara nyingi mno hata yameonekana kuwa sayansi. Yachunguzeni kidogo. Ganda la yai halitanuki. Ujazo wake wiki ya kwanza ndio ujazo wake mwezi wa pili. Gesi inayozaliwa ndani imetokana na vitu vilivyokuwa mle mle ndani. Haijaongeza uzito wala kuupunguza. Ute ukioza ukawa nusu gesi nusu maji, jumla ya uzito inabaki ileile mpaka kitu kitoke nje ya ganda. Ndiyo maana yai lililooza likiwa bado changa hukaa chini ya maji limetulia, na yai lililokauka taratibu mahali pasafi, lisilo na mdudu hata mmoja ndani yake, huelea juu. Anayelitazama la kwanza atalikaanga, na la pili atalitupa jalalani.

Tena kasi ya kupoteza maji inategemea hewa ya mahali. Dodoma kiangazi hewa ni kavu na upepo haukatiki. Yai lililoachwa wazi juu ya trei hukauka haraka. Dar es Salaam au Tanga wakati wa masika hewa imejaa unyevu, na yai la umri uleule hubaki zito. Beseni litamwambia mtu wa Dodoma kuwa yai lake ni la zamani kuliko la mwenzake wa Tanga, wakati yametagwa siku moja. Na unyevu ukiungana na joto ndiko ukungu na bakteria wanakostawi. Pale ambapo yai lina hatari kubwa zaidi ya kuharibika, ndipo kipimo cha maji kinapolipitisha kirahisi zaidi. Kuna pia mayai yaliyopakwa mafuta, njia ya kuhifadhi inayojulikana sehemu nyingi duniani: mafuta huziba vitundu, maji hayatoki, na yai hilo litazama hata likiwa limepitwa na wakati wake. Kipimo kinachobadilika kwa upepo, mvua na kijiko cha mafuta hakifai kupewa mamlaka ya kuamua mtoto ale nini.

Lakini hayo yote ni madogo ukilinganisha na salmonela. Aina moja ya bakteria hawa, Salmonela Enteritidis, ina tabia ambayo kila anayepika mayai anapaswa kuijua: inaweza kukaa kwenye kizazi cha kuku anayeonekana mzima, ikaingia ndani ya yai kabla halijafunikwa na ganda. Yai hilo hutoka safi, jipya, zito. Halina harufu. Ute wake umesimama na kiini chake kimetuna. Lizamishe leo, litalala ubavu chini ya maji kama picha zinavyotaka.

Uingereza walilijua hili kwa taabu. Desemba 1988 naibu waziri wao wa afya, Edwina Currie, alitamka hadharani kwamba sehemu kubwa ya mayai yanayozalishwa nchini humo ina salmonela. Wafugaji walikasirika, mauzo yakaporomoka, na kabla mwezi huo haujaisha alikuwa amejiuzulu. Kauli yake ilivuka mpaka, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwepo. Kilichowatoa huko ni chanjo ya kuku, iliyowekwa mwaka 1998 kuwa sharti kwa wafugaji wanaotumia muhuri wa simba kwenye mayai yao, pamoja na usafi wa mabanda na kumbukumbu za kila kundi la kuku. Ilipofika 2017 mamlaka yao ya viwango vya chakula ikasema hata wajawazito, wazee na watoto wachanga wanaweza kula mayai yenye muhuri huo yakiwa na kiini laini. Katika safari yote hiyo ya karibu miaka 30 beseni la maji halikuwa na kazi yoyote, kwa sababu lisingeweza kuona kilichokuwa kinatafutwa.

Huku kwetu tunafanya kinyume. Tunazamisha yai, linazama, tunaridhika, kisha tunalivunja bichi kwenye maziwa ya moto ya mtoto ili apate nguvu. Vijana wa mazoezi wanakunywa mabichi mawili matatu asubuhi kwa kuwa ni ya kienyeji, na ya kienyeji yanaaminika kuwa hayana ubaya. Mkaanga chipsi mayai mwenye foleni ndefu anageuza zege lake kabla kiini hakijashika katikati. Kila mmoja wao akiulizwa atakujibu kwamba mayai ni mazuri, yamepimwa. Hapa ndipo ninapokasirika na kipimo hiki. Kingekuwa kinapoteza mayai tu ningenyamaza. Ila kinawapa watu utulivu wasiostahili kuwa nao.

Kuna ubaya wa pili unaosemwa mara chache zaidi: kipimo chenyewe kinaliharibu yai. Kuku anapotaga, ganda huja limefunikwa utando mwembamba unaokauka na kuziba vitundu. Huo ndio mlango wa yai. Maji huulegeza. Na yai la joto likitiwa kwenye maji ya baridi, vilivyomo ndani hunywea, na kile kilichoko nje huvutwa ndani: maji pamoja na kinyesi kilichokuwa kimeganda kwenye ganda na chochote kilichokuwa kwenye beseni. Mtu anayepima yai moja dakika moja kabla ya kulipika hajafanya dhambi kubwa. Anayezamisha trei nzima ya mayai 30, akatupa matatu yaliyoelea, akayafuta 27 kwa kitambaa cha vyombo na kuyarudisha kabatini kwa wiki nyingine, ameyafungulia mlango yote 27.

Ni kosa lilelile la kuosha mayai ili yavutie sokoni. Marekani mayai ya kibiashara huoshwa, lakini kwa maji yenye joto kuliko yai, kisha huingia kwenye ubaridi na kubaki humo mpaka yamfikie mnunuzi. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauruhusu mayai ya daraja la A kuoshwa. Utando huachwa ulinde, na mayai hukaa rafuni bila jokofu. Njia zote mbili zina mantiki yake. Isiyo na mantiki ni ile ya kuyasugua kwa maji ya bomba ya baridi halafu kuyapanga nje ya duka, jua la saa saba likiyapiga.

Na mayai ya kuchemsha? Huyu kijana anayepita na ndoo yake jioni, chumvi kwenye kikopo na pilipili ya kukamua pembeni, hakuna anayemdai kipimo. Yamechemshwa, basi yamekwisha kuwa salama. Ukweli ni kwamba yai lililochemshwa huharibika haraka kuliko bichi. Utando umetoka, ute uliokuwa na kinga zake umeiva, na likiwekwa kwenye maji ya baridi lipoe, hunyonya maji hayo kupitia vitundu. Kama maji ya kupoozea ni yaleyale yaliyotumika tangu saa nne asubuhi, mlaji anameza maji hayo. Simlaumu kijana. Anatafuta riziki, na hakuna aliyemwambia abadilishe maji au asiyatembeze mayai ya asubuhi mpaka usiku. Sisi tulio na nafasi ya kusema tumekuwa tukijadili nani ana yai linaloelea.

Mtu ataniambia, bibi zetu walitumia maji na hawakufa. Nawaheshimu bibi zetu kuliko wanaowasingizia. Bibi alikuwa na kuku wake, anawajua kwa rangi na tabia, mayai anayaokota mwenyewe kwenye kiota kila siku. Hayo hakuyapima. Maji aliyatumia kwa kiota alichokikuta ghafla kichakani au nyuma ya ghala, ambako mtetea alijificha kutaga na pengine ameanza kuatamia. Swali lake lilikuwa moja: mayai haya yamekaa muda gani hapa? Kwa swali hilo maji ni shahidi mzuri, kwa sababu yai lililoatamiwa hupoteza unyevu mwingi katika siku zake 21. Alikuwa anatenga ya kula na ya kumwachia kuku. Sisi tumeichukua zana yake na kuiuliza swali jingine kabisa, kuhusu mayai yaliyotoka kwenye banda la kuku elfu huko Kibaha, yakapita kwa wa jumla, yakalala kwenye stoo, yakapakiwa kwenye bodaboda, na kukaa dukani siku asizozijua hata mwenye duka. Bibi asingefanya hivyo. Yai asilolijua asili yake angelivunja pembeni kwanza.

Ataongeza mwingine: bora kutupa lililo zima kuliko kula bovu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama beseni lingekuwa linakosea upande mmoja tu, wa tahadhari. Haliko hivyo. Linakosea pande zote, na mzigo wa kutupa hauwaangukii wote sawa. Kwa familia inayonunua mayai manne ya kumgawia kila mtoto moja, yai linalotupwa ni mtoto asiyekula yai. Na lililotupwa lilikuwa nini? Mara nyingi ni yai lililozeeka, na kuzeeka kwa yai ni jambo jingine kabisa na kuoza. Ute una silaha zake: mojawapo ni laisozaimu, kimeng'enya kinachovunja kuta za bakteria, ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922, kabla ya kazi yake ya penisilini. Nyingine ni protini inayoyashika madini ya chuma ili bakteria wasiyapate. Hewa ya kabonidayoksaidi inapotoka, ute huzidi kuwa na ualkali, hali ambayo wadudu wengi hawaipendi. Yai lililosimama wima kwenye maji, au hata lililoanza kuinuka, linaweza kuwa limepoteza uzuri wa kukaanga jicho la ng'ombe, na bado likafaa kabisa kwa keki, maandazi au kuchemshwa kwa muda mrefu. Kwa kuchemsha ni bora zaidi, kwa sababu ganda la yai lililokaa siku kadhaa humenyeka, na la jana huondoka na vipande vya ute.

Hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni hii: hata wakaguzi rasmi hupima kijumba cha hewa. Ni kweli. Ulaya, yai la daraja la A halitakiwi kuwa na kijumba kinachozidi milimita 6. Ila wanakipima ili kupanga ubora na bei, na wanakipima kwa kumulika, bila kulilowesha yai. Taa inayoonyesha kijumba inaonyesha pia ufa mwembamba usioonekana kwa macho, doa la damu, kiini kilichotawanyika, weusi wa uozo. Tochi ya simu kwenye chumba chenye giza, ncha butu ya yai ikiwa juu ya mwanga, inakupa mengi ya hayo, hasa kwa mayai yenye ganda jeupe. Mwenye kutaka kuchagua mayai bila kuyavunja aanzie hapo.

Ila kipimo chenye haki ya kuitwa cha mwisho ni kikombe. Vunja kila yai peke yake kwenye kikombe kikavu kabla ya kulichanganya na mengine. Yai jipya litaonyesha ute wa tabaka mbili, mzito unaokizunguka kiini na mwepesi unaotambaa pembeni, na kiini kilichoinuka. La zamani litatandaa, kiini chake bapa, na ngozi yake huchanika ukiigusa. Lote hilo ni umri. Lililooza halihitaji mtaalamu: harufu ya salfa inakupiga kabla hujainama, au ute una ukijani, au kiini kimekuwa cheusi. Hili ni yai viza, na hakuna moto wa kulitengeneza.

Naomba tuache pia kutupa mayai kwa dalili zisizo na maana. Ute wenye ukungu mweupe ni ishara ya yai jipya sana, ambalo hewa yake ya kabonidayoksaidi haijatoka. Zile nyuzi mbili nyeupe zilizosokotwa ndizo zinazokishikilia kiini katikati. Si mwanzo wa kifaranga, na zikionekana vizuri yai ni changa. Tone la damu ni mshipa mdogo uliopasuka kiini kilipokuwa kinaachia. Asiyetaka kulila alitoe, lakini halina uhusiano na uozo. Na ule mduara wa kijani kuzunguka kiini cha yai la kuchemsha ni chuma na salfa vilivyokutana kwa sababu mpishi alisahau sufuria motoni.

Kikombe hakioni salmonela. Hilo lazima lisemwe, maana nisingependa kuwatoa watu kwenye beseni na kuwapa sanamu nyingine. Kinachoua salmonela ni moto. Nyuzi 71 zinatosha, na mpishi asiye na kipimajoto ana alama yake: ute umeganda wote na kiini kimeshika mpaka katikati. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mgonjwa, yai lisiwe na majimaji. Yai bichi kwenye maziwa liachwe.

Kabla ya moto kuna uhifadhi. Joto ndilo linalokilegeza kiini. Ngozi yake ikichoka, chakula kilichomo huvujia kwenye ute, na bakteria waliokuwa wamebanwa na njaa wanapata pa kuanzia. Kwenye joto la Dar es Salaam, yai lisilo kwenye jokofu napenda liwe limeliwa ndani ya wiki moja tangu kutagwa. Likae kivulini, pakavu, ncha butu juu, halijaoshwa, mbali na jiko la mkaa. Likishaingia kwenye jokofu libaki humo. Kuingiza na kutoa kunalifanya litoe jasho, na jasho hilo ni maji yaleyale ya beseni. Mlango wa jokofu unaofunguliwa kila saa, kwenye mtaa ambao umeme hukatika jioni, ni mahali pabaya pa mayai kuliko rafu ya chini kabatini.

Utaona kwamba yote haya yanategemea kitu ambacho mnunuzi hana: siku ambayo yai lilitagwa. Na hilo ndilo swali halisi ambalo beseni la maji limetusaidia kulikwepa. Trei za Marekani zenye alama ya ukaguzi hubeba namba ya siku ya kufungashwa, kuanzia 001 hadi 365. Ulaya kila yai la daraja la A hugongwa muhuri wa asili yake, na boksi huandikwa tarehe isiyozidi siku 28 tangu kutagwa. Trei inayouzwa mitaani kwetu mara nyingi haina hata alama ya kalamu. Mteja akiuliza anaambiwa, "Ya leo hayo, dada," kesho yake ataambiwa vilevile, halafu anaenda nyumbani kuyazamisha.

Tangu 2019 usalama wa chakula Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Haihitajiki mashine ya muhuri kuanza. Mfugaji wa kuku wa mayai anaokota mara mbili au zaidi kwa siku, na anayejua kazi yake huandika idadi kwenye daftari la banda kila jioni, maana ndivyo anavyojua kama kuku wanashuka. Tarehe ipo kwenye daftari hilo. Inapotea pale trei zinapopakiwa. Iandikwe kwenye trei kwa kalamu ya wino mzito kabla haijatoka bandani, wa jumla asikubali trei isiyo nayo, na mwenye duka auze ya tarehe ya nyuma kwanza, tena kwa bei pungufu yakifikia siku zake za mwisho. Mteja naye, kabla ya kulipa, aitazame.